Masika Niliyofunga Maji ya Moshono

10 Machi, Jumatatu
Mvua imeanza. Daftari la kituo lina safu za saa, kiasi cha maji, tope, klorini na maoni, na hiyo ya maoni haizidi upana wa vidole viwili. Kwa hiyo nimenunua daftari jingine, hili, la kuandika yasiyoenea mle.

Hans, tuliyepokezana naye zamu kwa miaka minne, alihamishiwa Usa River mwezi uliopita. Mbadala wake bado. Mlinzi huja jioni na kuondoka alfajiri, na ni mtu wa maneno machache. Tangu Jumamosi sauti yangu nimeisikia mara moja tu, nilipouliza “Nani?” dirishani, na ulikuwa upepo.

11 Machi
Mvua. Maji safi. Klorini 0.5.

13 Machi, Alhamisi
Asubuhi nimekuta uzio wa chanzo umelala chini. Nguzo tatu zimeng'oka na waya umekatika. Chanzo chetu kiko juu ya shamba la mwisho, pale msitu wa Meru unapoanza: chemchemi inatoka chini ya mwamba, inaingia kwenye chemba ya zege, halafu inateremka kwa bomba hadi hapa kituoni ninapoitia dawa kabla haijaenda Moshono. Mifugo ikiingia kule juu, kinyesi chake kinafika kwenye vikombe vya watu.

Nikateremka moja kwa moja kwa Naipanoi. Boma lake ndilo la karibu zaidi, na kila mtu anajua kwamba kabla ya uzio ng'ombe wa familia yake walikuwa wakinywa pale pale kwenye mwamba. Nilimkuta anakamua. Ni bibi, koko kwa lugha yao, wa miaka sabini na kitu, mwembamba, mgongo umenyooka.

“Shikamoo koko.”

“Marahaba.”

“Nani amekata uzio wa maji?”

Hakuacha kukamua. “Mimi sina mkasi.”

“Ng'ombe wako walikuwa wapi jana jioni?”

Hapo ndipo aliponitazama. “Ng'ombe wangu walikuwa hapa. Na mimi nilikuwa hapa. Wewe ulikuwa wapi?”

Nilimwambia kwamba nitaandika taarifa. Akasema, “Andika, mama wa maji. Ninyi mnajua kuandika.” Nikaondoka bila kuaga. Taarifa nimeipeleka kwa Injinia Gadiel, msimamizi wangu mjini, na jina la Naipanoi nimelitaja.

14 Machi
Mafundi wamerudisha nguzo. Wamekunywa chai yangu yote, na nilifurahi.

19 Machi
Mvua ya mawe. Naipanoi alipita njiani na kuni. Hakuna aliyemsalimia mwenzake.

27 Machi, Alhamisi
Jua limetoka kwa saa mbili. Ukisimama kwenye ukingo wa tangi unaona mji wote, na huku chini mabati ya Moshono. La mdogo wangu Lydia ni jekundu, lina kona iliyopauka. Kwa macho ni karibu sana. Kwa miguu na pikipiki ni saa moja na nusu, na sijafika tangu Krismasi.

6 Aprili, Jumapili
Lydia amepiga. Kipaimara cha Princess ni tarehe 11 Mei, askofu atakuja mwenyewe. Princess amenichagua mimi niwe msimamizi wake.

“Kuna mama zake wadogo watatu wanaokaa mjini,” Lydia alisema, “lakini amesema anataka mama mkubwa Agnela. Usituangushe, dada.”

“Nitakuja.”

“Sema siku hiyo huna zamu.”

“Siku hiyo sina zamu.”

Baada ya simu nilikaa na kufikiria mkono wangu utakavyokuwa begani kwa yule mtoto mbele ya askofu. Nikaangalia kucha zangu. Klorini inazikausha, zinapasuka kama magome.

7 Aprili
Gadiel amekubali. Hans atanishikia kituo tarehe 11. Maji safi.

12 Aprili
Mvua usiku kucha. Tope limepanda kidogo, likashuka kabla ya saa sita. Klorini 0.5.

20 Aprili, Jumapili ya Pasaka
Nimesikiliza misa redioni. Nimepika wali na kuku nusu, nikala nimesimama. Nusu nyingine nimempa mlinzi.

28 Aprili
Mvua. Mvua. Nguo hazikauki. Nimeongea na kinyonga.

2 Mei, Ijumaa
Alasiri kumesikika mngurumo kule msituni, si radi. Ardhi imeporomoka mahali fulani. Nilipanda hadi kwenye chanzo nikiwa na fimbo. Chemba iko salama, mfuniko umefungwa, maji ni maangavu. Juu ya mwamba kuna ukungu mzito na sikwenda mbali zaidi. Nilijiambia inatosha.

4 Mei, Jumapili
Klorini 0.4. Dawa ninayotia ni ile ile.

Niandike vizuri jambo hili, maana safu ya maoni hailibebi. Kila baada ya saa mbili nachota maji yanayotoka kwenye tangi, natia kidonge, yanageuka rangi ya waridi. Rangi ikikolea ujue dawa imebaki ya kutosha kuyalinda maji hadi bomba la mwisho. Ikififia, kuna kitu ndani ya maji kinachoila dawa. Kitu hicho si lazima ukione.

5 Mei
Asubuhi 0.3. Nimeongeza dawa, ikapanda hadi 0.5, jioni ikarudi 0.3. Nimempigia Gadiel. Anahisi dawa ya ndoo hii imepungua nguvu kwa unyevu. Inawezekana. Nimefungua ndoo mpya.

6 Mei, Jumanne
Ndoo mpya, hali ile ile. Tope hakuna. Maji yanang'aa kama kioo. Nimeongeza dawa tena.

Lydia amepiga kuuliza vipimo vya gauni langu. Watakuwa na wageni mia na themanini.

7 Mei, Jumatano
Leo nina mengi ya kuandika.

Saa tatu asubuhi Naipanoi alisimama getini. Tangu Machi hajawahi kukanyaga hapa. Nilidhani amekuja kugombana juu ya ile taarifa, maana nasikia mtendaji wa kijiji alimwita mara mbili kumhoji.

“Ng'ombe hawanywi,” alisema.

“Hawanywi nini?”

“Maji yanayomwagika kutoka kwako, pale chini ya bomba. Siku tatu sasa. Wanaweka pua, wanaondoka. Wanakwenda mpaka mto wa mbali. Ng'ombe hawasemi uongo.”

Yale ya kumwagika hutoka kwenye chemba moja kwa moja, kabla ya dawa. Siku tatu. Namba zangu zilikuwa zimesema hivyo hivyo na mimi nikafungua ndoo mpya.

“Koko, utanionyesha njia ya kupanda juu ya mwamba?”

Aligeuka akaanza kupanda, na mimi nikamfuata. Ana miaka ishirini zaidi yangu na mara mbili ilibidi anisubiri. Tulipita chanzo, tukaingia kwenye korongo lililo nyuma yake. Harufu ilitufikia kabla hatujaona kitu. Kipande cha mlima kilikuwa kimeshuka, miti imelala, na katikati ya udongo alikuwepo nyati mkubwa, tumbo limevimba, nusu yake ndani ya kijito kipya kilichofunguliwa na maporomoko. Maji yalikuwa yanampitia, yanateremka hatua kama thelathini, kisha yanapotelea kwenye ufa wa mwamba. Mwamba ule ule ambao chini yake ndipo chemchemi yetu inapotoka.

Naipanoi alijifunika pua kwa shuka. “Huyu ndiye anayeunywesha mji,” alisema.

Nilikimbia kuteremka. Nilianguka, nikainuka, nikaanguka. Kanuni inaniruhusu kufunga bila kuuliza endapo usalama wa maji una shaka. Niliizungusha valvu ya Moshono kwa mikono miwili hadi ikagoma, kisha nikafungua tangi lote limwagike kwenye mtaro. Saa tano na dakika ishirini. Kipimo cha mwisho kabla ya kufunga kilikuwa 0.2. Kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa, lakini dawa ilikuwa haijaisha. Nilikaa chini kwenye saruji yenye maji.

Nilimpigia Gadiel. “Umefunga yote?”

“Yote.”

“Dada Agnela, pale kuna kaya zaidi ya elfu tatu. Kuna zahanati.”

“Ndiyo maana nimefunga.”

“Tukiongeza dawa mara tatu tukaendelea?”

“Injinia, njoo unuse.”

Alisema kwamba nisimwambie mtu yeyote sababu hadi Mamlaka ya Maji itoe tangazo. Neno mzoga likishuka mjini kabla ya maelezo, watu watakimbilia kunywa maji ya mitaroni. Nilimwelewa.

Saa kumi Lydia alipiga. Bomba limekauka. “Ni huko kwako?”

“Ni huku.”

“Litarudi lini?”

“Sijui. Kuna hitilafu.”

“Hitilafu gani?”

“Hitilafu tu, Lydia. Kingeni ya mvua, mchemshe.”

“Dada, nina shughuli Jumapili.” Sauti yake ilikuwa bado ya upole. “Wewe ndiye mwenye funguo.”

“Ndiyo.”

Akangoja niseme zaidi.

8 Mei, Alhamisi
Gadiel amekuja na viatu vya ofisini. Alipofika korongoni aliinama, akatapika kando ya mti, akajifuta. Ni Mmeru wa huku huku mlimani, meno yake ya kahawia kama ya wengi waliokua wakinywa maji yenye floridi. Aliniambia mjini kuna wanaomshauri atumie visima virefu vya bondeni pekee hadi sisi tutakapofungua. “Visima vile bila maji yako ya kuchanganyia vina floridi mara nne ya inayotakiwa,” alisema. “Siku chache hazidhuru. Lakini nikishaanza, watasema mbona inawezekana, na chanzo chako hakitatengenezwa mwaka huu.” Ameamua kupeleka maboza ya maji.

Tatizo ni nyati. Ni mnyama wa serikali. Hatuwezi kumgusa hadi askari wa wanyamapori waje wamwone, na barabara yao imekatika.

Tangazo limetoka. Linasema “hitilafu katika chanzo kutokana na mvua.” Gadiel ameniomba niendelee hivyo hivyo.

9 Mei, Ijumaa
Askari hawajaja. Simu nimepokea kumi na saba, namba nyingi sizijui. Mmoja alisema ameambiwa nafunga ili wenye maboza wapate biashara. Mwingine, mama mwenye sauti ya uchovu, aliuliza tu kama yatarudi kesho, ana mapacha. Huyo ndiye aliyeniliza.

Lydia: “Dada, kuna watu hapa mtaani wanajua wewe ni ndugu yangu. Nifungulie saa mbili tu, kesho alfajiri, nijaze matangi.”

“Siwezi.”

“Huwezi au hutaki?”

“Siwezi, mdogo wangu.”

“Basi niambie kwa nini. Mimi, siyo redio.”

Nilikuwa na neno mdomoni. Nikalimeza. Lydia ana marafiki wengi na hajui kunyamaza. Hivyo ndivyo nilivyojitetea. Alikata simu.

10 Mei, Jumamosi
Askari wa wanyamapori wamefika saa nne, wanne, wakiongozwa na mmoja aitwaye Sironka. Wamempima nyati, wamepiga picha, wameandika. Ikachukua watu kumi na kamba mbili kumtoa kwenye kijito, kisha wakamchoma mbali kabisa, ng'ambo ya ukingo. Mafundi wamekigeuza kijito kwa mifuko ya mchanga.

Wakati wa kuteremka Sironka alisimama kwenye uzio wetu. Akavuta kitu kwenye miiba ya waya, pale ulipounganishwa Machi. Manyoya meusi, magumu.

“Huku mnapitiwa na nyati muda mrefu,” alisema. “Uzio huu uliwahi kuanguka?”

“Machi. Nguzo tatu ziling'oka.”

“Ng'ombe haangushi nguzo namna hii. Anasukuma, anachoka. Nyati anang'oa.”

Naipanoi alikuwa amesimama kando, ameleta maziwa ya watu waliofanya kazi. Alisikia kila neno. Hakunitazama. Alimimina maziwa, akampa kila mtu, na mimi akanipa.

Jioni nilikwenda bomani kwake. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Nilipofika nikasema tu, “Koko, nilikusingizia.”

“Ndiyo.”

“Na bado ulikuja kuniambia.”

“Nilikuja kwa sababu ya maji,” alisema. “Wewe nilikuwa bado nimekukasirikia.”

Nikamwambia nitaandika taarifa nyingine, na nitampelekea mtendaji mwenyewe kwa mkono. Akasema niandike. Hakusema kwamba amenisamehe, na sikumwomba aseme.

11 Mei, Jumapili
Misa ilianza saa tatu.

Hans hakuweza kunishikia kituo. Alikuwa Moshono kwenyewe, akifungua midomo ya mabomba mtaa kwa mtaa ili maji ya zamani yatoke. Mimi nilikuwa nasugua chemba kwa dawa kali, najaza, napima, namwaga, najaza. Kazi hiyo haiachwi katikati. Saa moja asubuhi nilikuwa nimempigia Lydia kumwambia sitafika. Alisema, “Sawa,” akampa simu Princess.

“Shikamoo mama mkubwa.”

“Marahaba mwanangu. Nisamehe.”

“Hamna shida. Mama mdogo Nice atasimama.”

Ni mtoto mwenye adabu. Ningependa alie.

Saa nne na nusu nilipanda kwenye ukingo wa tangi. Kulikuwa na jua. Niliona bati jekundu na turubai jeupe uani. Watu hawaonekani kwa umbali ule.

12 Mei
Sampuli imepelekwa maabara. Vijidudu vinahitaji saa ishirini na nne kuonekana au kutoonekana. Hakuna kinachoharakisha. Nimepika uji, umeungua.

13 Mei, Jumanne
Safi. Nimefungua valvu saa nane mchana, polepole, robo kwa robo, mabomba yasipasuke. Klorini 0.5.

Nimepigia simu zahanati ya Moshono. Niliuliza kama wiki hizi kumekuwa na kuhara kuzidi kawaida. Muuguzi alikwenda kuangalia kitabu chake. “Hapana, mama. Ya kawaida tu. Kwani kuna nini?”

“Hakuna,” nilisema.

Na ndivyo ilivyo. Hakuna kilichotokea. Hakuna mtoto aliyelazwa, na kwa hiyo hakuna anayejua. Mtaani wanakumbuka siku sita bila maji.

17 Mei
Mvua imepungua. Lydia hapokei simu.

22 Mei, Alhamisi
Nilimpelekea mtendaji taarifa mpya Jumatatu. Leo Gadiel ameidhinisha birika la kunyweshea ng'ombe nje ya uzio, bomba lake lenyewe kutoka chemba. Nilipomwambia Naipanoi alisema wamechelewa miaka kumi na moja, tangu uzio uwekwe, kisha akawaonyesha mafundi mahali pa kuliweka, na walipoliweka pengine akawahamisha.

Amenifundisha kusalimia kwa lugha yake. Yeye anasema “Takwenya,” mimi naitika “Iko.” Kila asubuhi sasa. Ni maneno mawili. Nayasubiri.

25 Mei
Lydia hapokei.

29 Mei
Maji safi. Hakuna simu.

31 Mei, Jumamosi
Mbadala wa Hans amekuja jana, na leo nimepewa siku mbili. Sikuwa na mpango. Nilioga, nikavaa gauni lile la kipaimara ambalo halijavaliwa, nikateremka.

Lydia alikuwa uani anaanika. Aliniona, akamaliza kuanika shuka aliyoishika, akabana kibanio cha mwisho.

“Karibu,” alisema, kama unavyomwambia mtu wa sensa.

Tukakaa sebuleni. Princess alikuwa kwaya. Nilimwambia Lydia yote. Nyati, ufa wa mwamba, namba za vidonge, ng'ombe waliogoma. Tangazo lilishapita, kazi imekwisha, na kama kuna wa kunikemea na anikemee. Alisikiliza mikono yake ikiwa mapajani.

“Tulikuwa tunayanywa?” aliuliza.

“Yakiwa na dawa. Nilifunga kabla dawa haijashindwa.”

“Siku ngapi?”

“Tatu. Labda nne.”

Alitazama mlango wa jikoni. Nilidhani anafikiria maji. “Wageni walikuulizia,” alisema. “Wote. Baba mkubwa wa Kibosho aliuliza mara mbili.”

“Ukawajibu nini?”

“Nilisema uko kazini. Nilisema kwa sauti, wale majirani wasikie. Halafu nikaingia chumbani, sikujua nakutetea kwa lipi. Ungeniambia, dada.”

“Nilikatazwa.”

“Najua. Ungeniambia mimi.”

Nilifanya kazi yangu sawasawa na nilimwacha mdogo wangu peke yake mbele ya watu mia na themanini. Yote mawili ni kweli. Kule juu nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba aliye peke yake ni mimi.

Lydia aliinuka akaenda jikoni. Nilisikia friza inafunguliwa, vitu vinasogezwa. Alirudi na mfuko wa nyama iliyoganda barafu, akauweka mezani mbele yangu. Kwetu, mbuzi wa shughuli akichinjwa, dada mkubwa ana fungu lake, na halipewi mtu mwingine.

“Lipo tangu siku ile,” alisema. “Mara mbili nimetaka kumpa mbwa.”

“Mbona hukumpa?”

“Si lake.”

Akakaa. Barafu ilianza kulowesha kitambaa cha meza na hakuna aliyeisogeza. Baadaye akauliza kama nitalala, nikasema ndiyo, akasema basi nimenye vitunguu.